Kabla Hujailipia, Ivae: Kujaribu Saa za Rangi za Kupigia Mbizi Dukani Nairobi

Saa yangu ya kwanza ya bei niliipendea kwenye simu. Uso wa rangi ya chungwa, mishale minene, pete nyeusi kuzunguka kioo, na picha imepigwa na mtu anayeijua kazi yake. Muuzaji alikuwa wa saa zilizokwisha tumika. Tulikutana mkahawani Westlands saa moja usiku, nikaitazama dakika mbili chini ya balbu ya manjano, nikalipa. Nilipofika nyumbani dada yangu mdogo aliuangalia mkono wangu, akauangalia tena, akasema, "Kaka, hiyo ni saa au kifuniko cha sufuria?" Miezi mitano baadaye niliiuza kwa hasara ambayo sitaitaja hapa, maana mke wangu husoma ninayoandika.

Tangu siku hiyo sinunui saa ambayo sijaivaa. Na hata nikiwa sina pesa ya kununua, naenda kuvaa, kwa sababu kuvaa ni bure na hakuna anayekuzuia kuingia duka la saa za kifahari ukiwa na nauli ya matatu tu mfukoni. Unachohitaji ni kujua utafanya nini ukishaingia, la sivyo utasimama kwenye kaunta ukitabasamu, utasema "ni nzuri", na utatoka hujajua lolote ambalo picha haikukuambia.

Hatua ya kwanza: pima mkono ukiwa nyumbani

Chukua uzi, au karatasi iliyokatwa kama utepe. Zungushia mkono mahali saa inapokaa, nyuma kidogo ya ule mfupa unaochomoza upande wa kidole cha mwisho. Tia alama, kisha unyooshe kwenye rula. Wangu ni sentimita 16 na nusu, mkono wa mtu wa kompyuta. Halafu laza mkono mezani, kiganja chini, upime upana wa ile sehemu ya juu iliyo bapa. Mimi napata milimita 52. Namba hii ya pili ndiyo ya kuandika kwenye simu.

Matangazo hutaja kipenyo tu: milimita 39, 41, 42. Lakini saa ina miguu minne inayoshika mkanda, miwili juu na miwili chini, na urefu kutoka ncha ya mguu wa juu hadi ncha ya mguu wa chini ndio unaoamua kama saa itakaa au itaning'inia. Omega Seamaster Diver 300M ina kipenyo cha milimita 42 na urefu unaokaribia 50. Doxa SUB 300 ina kipenyo cha 42.5, pana kuliko hiyo Omega, lakini urefu wake ni kama 45 tu, na mkononi mwangu inatulia zaidi. Ukisoma kipenyo pekee utadhani kinyume. Ile yangu ya chungwa ilikuwa na urefu wa 54. Hesabu ifanye mwenyewe.

Beba rula ndogo ya shule. Utachekwa kidogo, lakini utapata jibu ambalo mhudumu mara nyingi hana kichwani.

Hatua ya pili: jua unachoenda kutazama

Si kila saa isiyoingia maji ni ya kupigia mbizi. Kipimo cha kimataifa cha ISO 6425 kinataka saa istahimili maji ya angalau mita 100, iwe na njia ya kuhesabu dakika za mbizi (ndiyo kazi ya ile pete ya kuzunguka), isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na ivumilie sumaku, kugongwa na maji ya chumvi. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa takriban angahewa moja. Kwa hiyo mtu aliye kina cha mita 30 huko Kisite anabeba mara nne ya alichokuwa akibeba mashuani. Saa nayo hivyo hivyo.

Aina hii ya saa ilishika mwaka wa 1953, Blancpain ilipotoa Fifty Fathoms na Rolex ikaanza Submariner. Zilikuwa vyombo vya kazi, nyuso nyeusi, hakuna mapambo. Rangi zilikuja baadaye, na aliyefungua mlango ni Doxa, mwaka wa 1967, kwa SUB 300 yenye uso wa chungwa. Hoja yao ilikuwa kwamba chungwa husomeka vizuri majini. Hoja hiyo ina walakini, nitaifikia.

Leo rangi ni tele, na ukienda bila orodha utazunguka kaunta kama mtoto kwenye duka la peremende. Chagua tatu au nne. Mimi hupanga kwa rangi, si kwa kampuni.

Kijani: Rolex ilitia pete ya kijani kwenye Submariner mwaka wa 2003, kuadhimisha miaka 50 ya saa hiyo. Mwaka wa 2010 ikatoa ya kijani uso na pete, ile wapenzi waliyoibandika jina la Hulk. Mwaka wa 2020 ikarudi kwenye uso mweusi na pete ya kijani, kipenyo milimita 41. Omega nao wana Seamaster Diver 300M ya kijani tangu 2022.

Damu ya mzee: Tudor Black Bay ya kwanza kabisa, ya mwaka wa 2012, ilikuwa na pete ya rangi hii, na mpaka leo ndiyo naiona yenye heshima kuliko zote. Buluu: kila kampuni inayo, lakini tazama Black Bay Fifty-Eight ya 2020, milimita 39, kama mkono wako ni mwembamba. Manjano, feruzi na chungwa: Doxa tena, ambao kila rangi wameipa jina lake. Ya manjano ni Divingstar, ya feruzi ni Aquamarine, na ya chungwa ni Professional.

Halafu kuna zile ambazo Blancpain na Swatch walitoa pamoja mwaka wa 2023, tano, kila moja kwa bahari yake. Si za kifahari kwa bei, ila ni mahali pazuri pa kujaribu kama moyo wako unaweza kuishi na rangi. Ya Bahari ya Hindi ni ya kijani. Nimekulia Likoni, nikaivuka bahari hiyo kwa feri kila siku ya shule, na kijani hicho sijawahi kukiona. Lakini wenye kampuni ni wao.

Angalizo moja. Ukiona Rolex ya feruzi, ya waridi au ya manjano isiyo na pete ya kuzunguka, hiyo ni Oyster Perpetual, ambayo ilipakwa rangi hizo mwaka wa 2020. Ni saa nzuri, lakini si ya kupigia mbizi. Watu wengi huichanganya, na nimemsikia hata mhudumu akiichanganya.

Na jambo dogo la lugha, kwa sababu limenipata. Maandishi ya saa hutaja mahali pa kitu kwa kutumia saa: valvu ya heliamu (kile kidude cha kutolea gesi iliyopenya ndani ya saa) iko "saa kumi", tarehe iko "saa sita". Sasa mwambie hivyo mhudumu mnayezungumza naye Kiswahili mtupu, mtatafutana. Mshale mfupi ukielekea namba 10 sisi tunasema ni saa nne. Bibi yangu alitufunza kusoma saa ya ukutani kwa kutazama namba iliyo upande wa pili wa mshale, na kwake saa zote za dunia zilikuwa zimeandikwa kinyume. Kaunta usiseme saa, sema "penye namba 10".

Hatua ya tatu: siku ya kwenda

Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi hivi. Jumamosi mchana maduka makubwa ya Westlands, Gigiri na Karen hufurika, na mhudumu mmoja anahudumia watu wanne. Pia nenda siku yenye jua. Mwezi wa Julai Nairobi hufunikwa na mawingu hata wiki nzima na utakosa nusu ya zoezi, kama utakavyoona kwenye rangi.

Vaa shati unalovaa kazini. Suti si lazima, ila shati la mikono mirefu ni la lazima, maana saa hizi zina unene wa milimita 12 hadi 15 na utataka kujua kama kishikizo cha shati kitafunga juu yake. Vua bangili na saa yako kabla hujaingia, usije ukaikwaruza saa ya watu. Na asubuhi hiyo mikono usiipake mafuta mengi. Kioo chenye alama za vidole vya mafuta hakionyeshi rangi.

Nenda na mtu atakayekwambia ukweli. Mimi huenda na yule dada yangu wa kifuniko cha sufuria.

Hatua ya nne: mlangoni na kwenye kaunta

Mlango mara nyingi umefungwa na kuna soja. Msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote, subiri afungue, ingia. Wengi hukwama hapa, wakidhani viatu vyao vinapimwa. Huenda vinapimwa. Ingia tu.

Ndani, sema ukweli mapema. Hili ndilo litakalokupa nusu saa ya amani badala ya dakika tano za wasiwasi.

"Karibu sana, kaka. Nikusaidie nini?"

"Asante, dada. Leo sijaja kununua. Najipanga, nikaona nizivae kwanza. Naomba ile ya kijani, ile ya buluu, na hiyo ya damu ya mzee."

Yule dada akacheka. "Damu ya mzee! Neno hilo nimelisikia mwisho kwa shangazi yangu. Hapa tunaambiwa tuseme bagandi."

"Basi nipe hiyo bagandi yenu, nione kama ni damu ya mzee."

Akatoa trei yenye mahameli, akavaa glavu, akazipanga tatu. Tatu zinatosha. Zikizidi, jicho huchoka na kila moja inaanza kufanana na iliyotangulia. Keti, kama kuna kiti. Usiinue saa juu ya sakafu tupu, ivae juu ya trei. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza.

Uliza pia kama iliyo mbele yako inauzwa au ni ya maonyesho. Kwenye maduka ya Rolex ni jambo la kawaida kuona saa kwenye kabati yenye kibandiko cha maonyesho pekee. Unaweza kuivaa, lakini ukitaka kununua unaandikisha jina na kusubiri. Kwa mjaribu hili si tatizo hata kidogo.

Hatua ya tano: ivae

Saa ya dukani haijakatwa kukutosha. Mkanda wa chuma utakuwa umelegea kama bangili ya bibi harusi, na saa itaangukia upande wa nje wa mkono. Usiihukumu hivyo. Mwombe mhudumu aushike mkanda kwa chini au aubane kwa kibanio ili kichwa cha saa kikae katikati, nyuma ya ule mfupa. Sasa tazama miguu. Ncha zote mbili ziwe ndani ya upana wa mkono wako, zielekee chini. Kama unaweza kuona mwanga kati ya mguu wa saa na ngozi ukitazama kwa upande, ni kubwa. Toa rula yako.

Usijitazame kwa kuinamisha kichwa tu. Ukiileta saa karibu na uso itaonekana sinia, na kamera ya simu ikisogea karibu ni mbaya zaidi. Simama mbele ya kioo, acha mikono ining'inie, tazama mtu mzima. Hivyo ndivyo watu wanavyokuona. Saa niliyoidhani kubwa imewahi kuwa sawa kwenye kioo, na iliyoonekana sawa kwa karibu ikawa ndogo.

Kisha ishi nayo dakika tano. Kunja kiganja nyuma kama unasukuma mlango: kile kidude cha kutilia ufunguo kinachoma nyuma ya kiganja? Funga kishikizo cha shati. Andika jina lako kwenye karatasi. Saa ya chuma ikishakatwa mkanda huweza kupita gramu 150, na uzito huo wengine huupenda na wengine huuchukia kabla ya chakula cha mchana. Ukiuchukia, omba ya titani, kama Tudor Pelagos, uone tofauti. Utadhani wamesahau kutia mashine ndani.

Hatua ya sita: zungusha pete, kwa ruhusa

Pete ya saa hizi huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mishale. Sababu ni uhai. Mpiga mbizi huweka alama ya pembetatu penye mshale wa dakika anapoanza kushuka, kisha husoma muda uliopita kwenye pete. Ikigongwa kwa bahati mbaya, inaweza tu kumwonyesha kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko kweli. Atapanda mapema, na hewa itakuwa bado ipo. Ingezunguka pande zote ingeweza kumdanganya kwamba bado ana muda.

Mjini kazi yake ni nyingine. Mimi hupimia maharagwe kwenye sufuria ya presha.

Zungusha mzunguko mzima, polepole, ukisikiliza. Nyingi zina hatua 120, nyingine 60. Kila hatua isikike kavu, na pembetatu ikifika juu isimame sawasawa na alama ya namba 12, si pembeni kidogo. Jaribu pia kwa vidole vilivyolowa jasho, kwani pete nyingine zina meno mazuri machoni yasiyoshikika. Kidude cha ufunguo usikifungue mwenyewe. Hufungwa kwa kuzungushwa kama parafujo ili maji yasiingie, na mgeni akikilazimisha huharibu nyuzi zake. Mwombe mhudumu akuonyeshe.

Hatua ya saba: rangi, na taa zinazodanganya

Hapa ndipo nilipopotea mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Duka la saa limepangwa kwa taa ndogo kali zinazopiga kutoka juu. Chini ya taa hizo kila buluu inang'aa kama bahari ya saa sita mchana na kila kijani inapumua. Nyuso nyingi zina miale iliyochorwa kutoka katikati kwenda pembeni, na miale hiyo imewekwa makusudi ili icheze na mwanga. Ukiitoa nje ya taa, buluu ile ile inaweza kuwa karibu nyeusi. Si kosa la saa. Lakini wewe hutaishi ndani ya kabati la kioo.

Kwa hiyo itazame mara tatu. Kwanza kwenye kaunta, kama ilivyo. Pili, omba kuisogeza dirishani au mlangoni, mhudumu na soja wakiwa kando yako. Maduka mengi hukubali ukiuliza kwa heshima, na yanayokataa nje hayakatai dirishani. Nairobi iko karibu na ikweta, na jua la saa nne au tano halina huruma. Litakuonyesha rangi halisi, vumbi, na kila alama ya kidole. Tatu, geuka, uifunike kwa kivuli cha mwili wako. Kivuli ndiyo hali ya maisha: ofisini, ndani ya matatu, sebuleni jioni. Saa isiyopendeza kivulini utaichoka kabla ya mwaka kuisha. Ile ya chungwa, ikiwa kivulini, ilikuwa na rangi ya tofali.

Inamisha kioo huku na huku. Vioo vya yakuti vingi hupakwa dawa ya kuzuia mng'ao, na nyingine huacha kivuli cha buluu au zambarau juu ya uso. Kwenye uso mweusi hutaona, kwenye wa manjano au mweupe utaona.

Kisha ngozi. Picha za matangazo mara nyingi zimepigwa kwenye mikono myeupe, na ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na wenye mikono hiyo. Kwenye ngozi yangu, ambayo ni nyeusi ya Pwani hasa, manjano na feruzi zinawaka kwa namna ambayo picha haikunionyesha, na chungwa inayofaa inapendeza ajabu. Kahawia na shaba nyeusi zinazama, hadi utadhani sijavaa kitu. Damu ya mzee iko katikati: inakaa kimya ndani ya shati jeupe, kisha jua likiipiga inajitokeza. Haya hutayajua mpaka uvae.

Uliza pete imetengenezwa kwa nini. Ya kauri, kama za Rolex na nyingi za Omega za sasa, haipauki kwa jua, ila ikigongwa vibaya huweza kupasuka. Ya alumini, kama za Tudor Black Bay nyingi, hukwaruzika na kupauka taratibu. Nyekundu huelekea waridi, buluu huelekea kijivu. Kuna wanaolipa zaidi kwa pete iliyopauka. Mimi naipenda alumini kwa sababu hiyo hiyo, kama ninavyopenda leso iliyofuliwa mara nyingi.

Sasa ule walakini wa chungwa. Maji hunyonya rangi za mwanga kwa zamu. Nyekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza, takriban tano, chungwa hufuata muda si mrefu, kisha manjano. Buluu ndiyo hubaki mwisho. Kwa hiyo uso wa chungwa unaowaka kama embe dodo juu ya mashua, ukifika kina cha mita 20 umeshakuwa hudhurungi isiyo na maelezo. Unaendelea kusomeka kwa sababu mishale myeusi bado inatofautiana na uso wake. Mjomba wangu wa Wasini alivua pweza maisha yake yote bila saa yoyote, na nilipomweleza kwamba saa ya chungwa ni kwa ajili ya kuonekana majini alinitazama kwa huruma. Chagua chungwa kwa sababu unaipenda ardhini. Huko ndiko utakakoivalia.

Hatua ya nane: giza

Dakika moja tu. Imulike kwa tochi ya simu sekunde thelathini, kisha ifunike kwa viganja viwili na uchungulie. Alama zote ziwake sawa, mshale wa dakika utofautike na wa saa, na nukta iliyo kwenye pembetatu ya pete iwake pia. Nyingine huwaka kijani, nyingine buluu. Utaonekana kama mtoto anayetazama kimulimuli, lakini wahudumu wamezoea.

Hatua ya tisa: mkanda

Mkono hupanuka na kusinyaa. Februari, Nairobi ikiwa na joto, saa iliyokaa vizuri Julai itakubana kufikia alasiri. Ndiyo maana kibano cha mkanda ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wa Submariner una reli ya kurefusha kwa hatua za milimita 2, jumla kama milimita 20, bila chombo chochote. Baadhi ya Tudor zina hatua tano zinazofikia milimita 8. Kuna saa za bei kubwa ambazo hazina kitu kama hicho, na ukitaka nafasi kidogo lazima uende kwa fundi. Fungua na ufunge kibano mara kumi. Ukikwaruza kucha mara ya tatu, utaikwaruza kila asubuhi.

Saa ya rangi huvumilia mkanda wa mpira kuliko saa nyingine yoyote, lakini omba kuijaribu kwa mkanda utakaoinunua nao. Mpira wa manjano juu ya uso wa manjano ni uamuzi mzito.

Hatua ya kumi: bei, na kutoka

Uliza bei, hata kama unaijua. Uliza ni ya shilingi au ya dola, na kama kodi ya asilimia 16 imo. Kwa makadirio, Tudor nyingi za kupigia mbizi zinaanzia karibu nusu milioni ya shilingi ukibadilisha dola tu, na Submariner inapita milioni moja. Kama una ndoto ya kutoa simu na kulipa papo hapo, kumbuka M-Pesa inaishia shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Utaenda benki, na safari ya benki ni nafasi nzuri ya kubadili nia.

Uliza pia fundi wao yuko wapi. Saa ya mashine huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishiwa mipira ya kuzuia maji kila baada ya miaka kadhaa, na kama kila mara lazima isafirishwe nje ya nchi, hiyo ni gharama na miezi ya kungoja.

Kabla hujainuka, andika kwenye simu: jina kamili la saa, urefu wa mguu kwa mguu, ilivyoonekana kivulini, na neno moja la aliyefuatana nawe. Mimi huandika maneno ya dada yangu kama alivyoyasema. Kuhusu moja ya manjano nimeandika "kondakta". Kuhusu ya buluu ya milimita 39, "hii ni yako, acha mchezo".

Shukuru, taja jina la mhudumu, omba kadi yake. Kisha toka, na usirudi kwa wiki mbili. Rangi ambayo bado unaiona ukifumba macho baada ya wiki mbili ndiyo ya kurudia.

Ile ya damu ya mzee nimeirudia mara nne sasa. Mara ya nne soja alinifungulia kabla sijapiga kengele, na yule dada alikuwa ameshatoa trei. Akaweka saa moja tu juu ya mahameli, akanyoosha mkono wenye glavu, na akaniomba rula.